Tupeane uzoefu: nani alikushika mkono ulipokuwa unasoma uhandisi kemikali?

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha uhandisi kemikali, na kila mwaka naona jambo lile lile. Wanafunzi wanaingia na A zao za PCM (fizikia, kemia na hisabati), wengi ndio waliokuwa vinara wa shule zao, na mtaani wameshaanza kuitwa "injinia". Mwaka wa pili thamodainamiki (elimu ya joto na nishati), mwendo wa vimiminika na uhamishaji joto vinawaangukia kwa pamoja. Mtu ambaye hajawahi kufeli anapata 28. Hamwambii mtu. Anahamia viti vya nyuma, anaanza kukosa vipindi, mwisho tunasikia amedisco, yaani ameondolewa chuoni kwa kufeli. Naamini wengi wao somo wangeliweza, ila hakuna aliyewauliza mapema. Nini kilikuvusha wewe? Walimu wenzangu, nanyi semeni mnachofanya.

Mhitimu, kiwanda cha sukari
Mimi ni mizania ya maada, yaani hesabu ya vinavyoingia na vinavyotoka mtamboni, iliyonitoa jasho. Ubaoni ni mishale na herufi tu, F, D, B, sioni chochote. Siku moja mkufunzi msaidizi akaja na juisi ya miwa. Kilo 100 za juisi, vilivyoyeyuka ndani yake asilimia 15. Tunataka shira ya asilimia 65. Yatoke maji kiasi gani? Akatuuliza: "Kipi hakipotei njiani?" Kimya. Binti mmoja akasema, vilivyoyeyuka: kilo 15 zinaingia, kilo 15 zinatoka. Basi gawa 15 kwa 0.65, shira ni kilo 23 na kidogo, maji yanayoondoka karibu kilo 77. Akaendelea: kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kwa nyuzi 100 kunahitaji kilojuli 2,257, ndiyo maana kiwandani mvuke wa chungu cha kwanza unachemsha cha pili, na wa pili unachemsha cha tatu. Darasa zima tuliamka. Lakini kilichonivusha hasa ni sheria yake ya tyutoria: mnakaa wanne wanne, kila mmoja anaeleza hatua yake kwa sauti, na ni marufuku kumcheka aliyekwama. Ndipo nikagundua hata wale niliowaona vichwa walikuwa wamekwama palepale.

Binti wa mwaka wa nne
Kwangu hesabu hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa tumbo na usingizi. Boom (pesa ya mkopo) limechelewa, napiga pasi ndefu, yaani naruka milo, usiku naandika ripoti ya maabara mpaka alfajiri. Tukawa kwenye mtambo wa kunereka (kutenganisha vimiminika kwa kuchemsha), ethanoli inachemka mbele yangu, natakiwa kusoma joto kila baada ya dakika chache, macho yanajifunga. Fundi wa maabara akaniita pembeni. Hakunigombeza. Akauliza, "Mwanangu, umekula?" Nikalia. Akanipeleka mwenyewe ofisi ya ushauri nasaha, mahali nilipokuwa napaogopa nikidhani ni kwa waliochanganyikiwa. Nilipokelewa vizuri sana. Wadogo zangu, ile ofisi ni yenu, nendeni kabla hali haijawa mbaya.

Mchangiaji mwingine
Rumeti wangu. Alikuwa ananiamsha, ananivuta kwenye diskasheni hata nikinuna. Mungu ambariki.

Injinia wa boila
Naunga mkono, ila tuwe makini. Boila haina huruma na mtu. Msije mkalegeza mitihani kwa jina la ustawi, halafu mtuletee mtu asiyejua vali ya usalama inafanya kazi gani.

Mwanzisha uzi
Mkuu, nakubaliana nawe kabisa, na mtihani wangu wa mwisho haujapunguzwa hata swali. Ninachofanya kiko mwanzoni. Wiki ya tatu natoa jaribio dogo la alama chache, lengo ni kujua nani anazama. Aliye chini ya nusu namwita peke yake, na swali la kwanza si la somo: unalala wapi, unakula vipi, nyumbani kukoje. Walimu wa mwaka wa pili tumekaa tukapanga majaribio yasigongane wiki moja. Hilo halikuhitaji hata senti. Na kwa kuwa umetaja boila: asiyelala siku mbili atasoma vibaya geji ya presha hata kama ana A. Kwa hiyo usingizi nao ni somo la usalama, nalifundisha bila aibu.

Mgeni
Nina sapu (mtihani wa marudio) ya thamo mwezi wa tisa. Nyumbani sijawaambia, mzee alishatangaza kanisani kuwa mwanawe ni injinia. Sijui nianzie wapi.

Mwanzisha uzi
Mdogo wangu, karibu. Sapu wengi tuliopo kazini tumeipitia. Kabla ya mzee, mwambie mtu mmoja unayemwamini, dada au mjomba, leo hii ikiwezekana. Upande wa somo, tuambie ulipokwama ni wapi: majedwali ya mvuke, pale namba unayoitaka iko katikati ya mistari miwili, au ni entropia? Andika swali moja lililokushinda, pamoja na ulichojaribu, tulifanye hapa hapa usiku huu.