Mradi ukiisha, takwimu zinabaki na nani?

Mchambuzi wa South B

Hamjambo wenzangu. Huu ni mwaka wangu wa saba katika kazi ya takwimu hapa Nairobi, na karibu miradi yote niliyoshika ni ya Somalia na Sudan Kusini. Mnajua mtindo ulivyo. Hojaji inaandikwa Westlands, sampuli inachaguliwa Westlands, mafunzo yanafanyiwa hotelini hapa mjini kwa sababu ya usalama, data zinaingia kwenye seva kila jioni, kisha ripoti inazinduliwa ikiwa na nembo ya serikali ya nchi husika kwenye jalada. Maafisa wa serikali hiyo huipata siku moja na waandishi wa habari.

Sasa nimeombwa kuandika sehemu ya kujenga uwezo katika ombi la ufadhili wa mradi mpya wa miaka mitatu. Kurasa nne. Nimepewa ombi la zamani niliigize: warsha mbili kwa mwaka, washiriki 40, ziara ya mafunzo ng'ambo, vishikwambi 120. Nimekaa na karatasi hiyo tangu Jumatatu na mkono umekataa kuandika.

Sababu ni hii. Mwaka juzi nilirudi katika ofisi ya takwimu ya nchi moja jirani, sitaitaja, miezi 18 baada ya kufunga mradi wetu. Mhasibu alinifungulia stoo. Vishikwambi vilikuwa humo, vimepangwa vizuri katika makasha yake, betri zimefura mpaka vioo vimebanduka. Ramani za maeneo ya kuhesabia, ambazo vijana walizunguka miezi mitano kuzichora, zilikuwa kwenye seva ambayo nywila yake alikuwa nayo mshauri aliyekwisha kuhamia bara jingine. Kati ya maafisa 11 niliowafundisha mwenyewe kusafisha data, niliwakuta watatu. Wanane walichukuliwa na mashirika ya misaada yanayolipa kwa dola. Siwalaumu hata kidogo, mshahara wa ofisi ile ulikuwa umekwama miezi minne.

Mmoja wa wale watatu, mama wa makamo, alinitolea daftari la shule kwenye mkoba. Alikuwa ameandika kwa kalamu kila amri niliyowafundisha, mstari kwa mstari, na pembeni maelezo kwa lugha yake. Akaniambia, "Leseni ilipoisha programu ilikataa kufunguka. Huwa nasoma hapa nisije nikasahau." Leseni ile tulilipia mwaka mmoja tu. Mimi ndiye niliyeandika bajeti.

Kwa hiyo nauliza kwa waliowahi kufanya kazi hii: ni kitu gani mlichokiona kwa macho yenu kikibaki baada ya wafadhili kuondoka? Naomba mambo mliyoyashuhudia.

Hesabu za Ngara

Pole dada. La leseni lina dawa rahisi, lianze hilo. Kwa kukusanya data kuna programu ya CSPro, inayotolewa bure na ofisi ya sensa ya Marekani, na Survey Solutions, inayotolewa bure na Benki ya Dunia; uchambuzi ufanyie programu ya R, nayo ni bure. Andika kwenye ombi lako kwamba hakuna kitu kitakachofundishwa ambacho ofisi ile haitaweza kukifungua siku pesa zikikatika. Seva nayo isajiliwe kwa jina la ofisi, na nywila wawe nayo watu wawili walioajiriwa na serikali.

Kuhusu mishahara sina jibu zuri. Nimeona wafadhili wakiongeza malipo juu ya mshahara wa serikali kwa muda wa mradi. Watu wanakaa, kazi inakwenda, halafu nyongeza inakoma na ndani ya mwezi mmoja ofisi inabaki tupu.

Karani Mstaafu

Binti yangu, habari ya huyo mama na daftari lake nimeisoma mara mbili.

Mimi nilianza ukarani wa bei enzi idara yetu bado iko ndani ya wizara, kabla ya sheria ya mwaka 2006 kuunda KNBS, shirika la taifa la takwimu la Kenya. Nilipostaafu nilipata mkataba wa miezi tisa Juba, kufundisha vijana kukusanya bei za soko. Umeuliza kilichobaki. Nitakueleza kimoja.

Pale soko la Konyo Konyo mtama huuzwa kwa kipimo kinachoitwa malwa. Ni kopo, kama gorogoro letu. Vijana wangu walikuwa wakizunguka kila wiki, wanauliza malwa ni pesa ngapi, wanaandika. Wiki tano mfululizo bei haikusogea. Kwenye fomu mtama umetulia kabisa, na huku kila mama ninayemsikia analia chakula kimepanda. Nikawauliza vijana, je, kopo hilo mmelipima? Hawakuwahi. Na yeyote aliyenunua mahindi katika masoko yetu analijua gorogoro lililogongwa kitako ili lipungue ujazo.

Nikanunua mzani wa kuning'iniza, ule wa springi wenye ndoano, kwa pesa yangu kwa kuwa bajeti ya mradi haikuwa na neno mzani. Tukapima malwa za wauzaji watatu. Ya kwanza ilitoa kilo tatu na nusu. Ya pili kilo tatu na robo. Ya tatu, ya mama aliyekuwa akijaza bila kulundika juu, kilo tatu kasoro. Bei ni ileile, nafaka imepungua. Tangu siku hiyo fomu iliongezwa safu moja ya uzito, na bei ikawa inaandikwa kwa kilo.

Sikuwafundisha hayo darasani. Kulikuwa na kijana mmoja mkimya ambaye kufika mwezi wa nne alikuja mwenyewe na swali: unga wa mahindi kutoka Uganda umebadilishwa mfuko, ule wa zamani haupo sokoni, je, alinganishe vipi na mwezi uliopita? Hilo ni swali la mtakwimu. Limetoka kwake kwa sababu ameifanya kazi hiyohiyo mara nne na mara ya nne imemkwaza. Mkataba wangu ulipoisha, yeye ndiye aliyewafundisha walioingia. Mwaka 2016 mfumuko wa bei wa Sudan Kusini ulipofika mamia ya asilimia, dunia nzima ilinukuu tarakimu kutoka ofisi ya takwimu ya Juba. Tarakimu hizo zilianza na vijana wa namna hiyo, kwa miguu, na fomu mkononi.

Utafiti mkubwa wa kaya unafanyika mara moja katika miaka mitano, ukisahau hakuna wa kukukumbusha. Bei zinakusanywa kila mwezi. Usajili wa vizazi na vifo ni wa kila siku, hesabu za forodha ni za kila siku. Weka pesa yako hapo. Na badala ya warsha, peleka mtu akae nao. IGAD, jumuiya ya nchi za ukanda huu, ilifanya hivyo kipindi Sudan Kusini inapata uhuru: Kenya, Uganda na Ethiopia zilipeleka watumishi wa umma karibu 200, Norway ikagharamia, kila mmoja akapewa mwenzake wa kule wa kufanya naye kazi, meza kwa meza, miaka miwili. Kulikuwa na kasoro zake, lakini miaka miwili ya kukaa meza moja ni kitu kingine.

Msomaji wa Eastleigh

Mzee wangu, nakubaliana nawe nusu. Bei ya mtama haina anayeipigania. Hesabu ya watu ndiyo yenye moto.

Sensa ya Sudan ya 2008 ilitoa Kusini watu milioni 8.26. Viongozi wa Kusini waliikataa, kwa sababu hesabu ile ndiyo iliyokuwa ipime mgawanyo wa madaraka. Na tusijifanye kwamba ni mambo ya majirani: sensa yetu ya Kenya ya 2009, matokeo ya wilaya nane za kaskazini yalifutwa na waziri. Makarani walikuwa na uwezo wote wa kuhesabu. Kilichokosekana ni imani, na imani hainunuliwi kwa kishikwambi.

Kwa Wasomali jambo hili ni zito zaidi. Sensa ya 1975 matokeo yake yalichapishwa. Ile ya 1986 hayakutangazwa. Kisha serikali ikaanguka 1991. Kwa hiyo makadirio ya mwaka 2014, yaliyofanywa kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, yalipotoa watu milioni 12.3, kulikuwa na kizazi kizima ambacho hakikuwahi kuhesabiwa. Wafugaji wanaohamahama, ambao walikadiriwa kuwa asilimia 26, walifuatwa kwenye maji, visimani na kwenye mabwawa, maana nyumbani kwao kunatembea.

Mwaka mmoja nilikuwa mkalimani katika utafiti mdogo wa aina hiyo. Kisimani mzee mmoja alishika kamba ya ngamia wake akatuuliza, "Mnatuhesabu ili mtupe au mtunyang'anye?" Kiongozi wetu akasoma aya ya ridhaa iliyo juu ya hojaji. Mzee akamwacha amalize, akauliza tena swali lilelile. Hatukumjibu, na hakuna aliyerudi kumwambia ilipatikana hesabu gani. Dada, kama una kurasa nne, moja iwe ya kurudi. Wafundishe maafisa wa wilaya kusimama mbele ya waliohesabiwa na kuwasomea matokeo kwa lugha yao. Wakishazizoea hesabu hizo na kuzitumia kudai kisima au zahanati, itakuwa vigumu kwa mkubwa yeyote kuzifuta.

Somalia sasa ina sheria ya takwimu, ya 2020, na ofisi yake ya taifa ya takwimu. Wapeni wao wafanye hiyo kazi ya kurudi, nembo iwe yao kweli.

Mchambuzi wa South B

Asanteni sana. Mzee, nimeandika upya kurasa zote tangu jana usiku. Warsha nimebakiza moja. Pesa za ziara ya ng'ambo nimezihamishia kwa watu wawili kutoka ofisi za takwimu za ukanda huu, wakae kule miezi 24, na nafasi sita za masomo katika chuo cha takwimu cha Dar es Salaam. Msomaji wa Eastleigh, ukurasa wa nne ni wako: mikutano ya kurudisha matokeo, na maafisa wa wilaya ndio watakaoiongoza.

Mkuu wangu amesoma, akasema mfadhili atauliza viko wapi viashiria vya umaskini vya mwaka huu. Nikamjibu kwa mfano wa DHS, zile tafiti za afya na idadi ya watu zilizofadhiliwa na Marekani. Tafiti zile zimeanza 1984, zimefanyika katika nchi zaidi ya 90, nasi wengine tumejifunzia kazi humo. Februari 2025 Marekani ilikata fedha zake, na nchi zilizokuwa katikati ya kazi zikaachwa palepale zilipofika. Nchi iliyokuwa na watu wake na orodha yake ya maeneo ya kuhesabia ilikuwa na pa kushika. Amesema anaufikiria. Tunawasilisha Ijumaa.

Mzee, nimeweka mizani 30 kwenye bajeti. Ninunue za betri au za springi? Na ile fomu yenye safu ya uzito, bado unayo?

Karani Mstaafu

Za springi. Betri utazikuta zimefura stoo kama hivyo vishikwambi. Ila springi hulegea, kwa hiyo kila mzani uende na jiwe la kilo mbili lililopimwa, na karani aanze kazi asubuhi kwa kulining'iniza jiwe kwanza na kuandika mzani umesema nini. Tulikuwa na sehemu ya kuandika hilo pale juu kulia kwenye fomu.

Ninayo nakala moja, imekunjika lakini inasomeka. Nitaipiga picha kesho kukiwa na mwanga mzuri niiweke hapa. Na huyo mama mwenye daftari, mtafute kabla ya Ijumaa. Jina lake liwe la kwanza kwenye orodha ya watakaofundisha.