Kufuma kwa sindano mbili: nilianza na vitanzi 20, sasa ninavyo 27

Mgeni_Mwanga
Wakuu, habari za humu. Nipo Kigoma mjini, ndiyo kwanza najifunza kufuma. Sindano zangu ni spoku za baiskeli zilizochongwa ncha, uzi ni ule wa sweta wa unene wa kati. Nilianza na vitanzi 20, nafuma mbele tu (uzi ukiwa nyuma ya sindano). Mstari wa 15 navihesabu, ni 27! Kitambaa kinazidi kupanuka kadiri ninavyopanda, halafu vitanzi vimebana, sindano haipiti mpaka niilazimishe. Nakosea wapi?

Fundi_Ujiji
Kubana kunatokana na spoku. Spoku ya kawaida ni milimita 2, uzi huo unataka milimita 4. Kitanzi hufuata unene wa sindano, kwa hiyo hata ulegeze mkono vipi kitatoka kidogo. Tafuta sindano za 4, au chonga za mianzi na uzisugue kwa msasa laini hadi uzi usinase. Spoku zitunze kwa uzi mwembamba.

Vitanzi kuongezeka kuna sababu mbili, na kitambaa chenyewe kitakwambia ni ipi. Kama pembeni panatanuka bila tundu, tatizo ni kitanzi cha kwanza. Ukigeuza kazi uzi unakuwa upande wako. Ukiupeleka nyuma kwa kuupitisha juu ya sindano, unakivuta kile kitanzi, miguu yake miwili inaonekana kama vitanzi viwili, nawe unafuma vyote. Upitishe chini ya ncha ya sindano. Ukiona matundu katikati, uzi ulibaki mbele ukafuma nao ukiwa umeikalia sindano.

Fumua, anza upya, hesabu kila mwisho wa mstari. Kosa la mstari mmoja hufumuliwa kwa dakika mbili.

Mgeni_Mwanga
Asante sana fundi. Na nikijaribu mstari mmoja mbele, mmoja nyuma (uzi ukiwa mbele ya sindano), kitambaa kinajikunja kama mkeka. Nayo ni kubana?

Mama_Kasulu
Hapana mwanangu, ufumaji huo ndivyo ulivyo. Upande mmoja una alama za V, wa pili vinundu, na mvuto wao haulingani. Usikimbilie pasi: uzi wa akriliki ukipata moto unalala na haurudi tena. Ili kisijikunje weka mpaka: vitanzi 4 kila upande uvifume mbele kwenye mistari yote, na mistari 6 ya namna hiyo chini na juu.

Fundi_Ujiji
Nyongeza kuhusu kitanzi kilichodondoka. Wavu wa wavuvi wa Kibirizi, hapa Kigoma, una fundo kila jicho, ukikatika hapa kwingine kunashika. Kufuma hakuna fundo, kitanzi kikitoka kinashuka kama ngazi. Usivute chochote. Chomeka sindano ya kroshia (yenye ndoano nchani) kwenye kitanzi kile kutoka mbele, upande wa V, kamata kipandio kilicho juu yake, kivute kipite ndani, endelea kimoja kimoja hadi juu.

Mgeni_Mwanga
Nikitaka kofia ya mtoto mchanga nianze na vitanzi vingapi?

Mama_Kasulu
Fuma kwanza kipande cha vitanzi 30, kirefu kidogo, kisha pima sentimita 10 katikati, si pembeni. Tuseme umepata vitanzi 22, yaani 2.2 kwa kila sentimita. Kichwa kikiwa sentimita 35, toa 3 ili kofia ishike: 32 mara 2.2 ni 70.4, yaani vitanzi 70. Mkono wako ukitoa 20 badala ya 22, ni 64.