Dizeli ya premiamu na dawa za chupa: zinaisaidia injini kweli, au natupa hela?

Mwendo_Pole

Wakuu, habari za leo. Nina gari la dizeli, injini ya lita 2.0 yenye turbo na mfumo wa komoni reli (bomba moja la msukumo mkubwa linalolisha nozeli zote), limeshatembea kilomita 168,000. Tangu nilinunue nalijaza dizeli ya kawaida na halijawahi kunisumbua. Sasa ni miezi mitatu naona mambo yafuatayo: asubuhi likiwa la baridi linagonga zaidi ya zamani, nikikanyaga mafuta kupanda mlima linatoa moshi mweusi, na ulaji umepanda kutoka lita 7.4 hadi 8.3 kwa kilomita 100. Napima kwa kujaza tangi hadi juu na kupiga hesabu mwenyewe, sitegemei dashibodi.

Kila ninayemuuliza ana dawa yake. Mhudumu wa sheli anasema nihamie dizeli ya premiamu, injini itapata nguvu. Fundi wangu ananipa chupa ya kusafisha nozeli, eti niimwage kila nikijaza tangi. Shemeji yangu huchanganya dizeli na mafuta ya taa kidogo kwenye lori lake, anasema ndiyo siri ya injini kuwaka vizuri. Gari hili ndilo linalonipeleka kazini na kuwapeleka watoto shule, sina jingine. Nisaidieni kabla sijaharibu pampu kwa kusikiliza maneno ya watu.

Kanyaga_Twende

Mkuu, la mafuta ya taa liache leo leo. Pampu ya gari lako inalainishwa na dizeli yenyewe, hakuna oili nyingine inayofika mle ndani. Mafuta ya taa ni makavu, vyuma vitasagana na chembe zake zitasambaa hadi kwenye nozeli. Lori la shemeji, kama ni la zamani lenye pampu ya mstari, shafti ya pampu huwa inalainishwa na oili, kwa hiyo linavumilia zaidi. Lako halitavumilia.

Safari_Ndefu

Mimi natumia premiamu mwaka wa nne sasa na sirudi nyuma. Injini imetulia, asubuhi haigongi kama mwanzo, na mlimani naona inavuta vizuri. Watu husema ni mawazo tu, lakini sauti naisikia kwa masikio yangu. Mkuu jaribu matangi matatu mfululizo, utanikumbuka.

Fundi_wa_Pampu

Nimefanya kazi ya pampu na nozeli kwa muda mrefu, ngoja niandike kwa kirefu kidogo kwa sababu hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa.

Safari_Ndefu hakosei kuhusu sauti. Dizeli haina plagi ya cheche, inawaka yenyewe inapopulizwa kwenye hewa iliyobanwa hadi ikawa moto sana. Kati ya kupulizwa na kuanza kuwaka kuna muda mfupi. Ukiwa mrefu, mafuta yanarundikana kisha yanawaka kwa pamoja, na huo ndio mlio wa kugonga unaousikia asubuhi. Kipimo cha wepesi wa kuwaka kinaitwa setane (oktani ni mambo ya petroli, ziwekeni mbali). Kiwango cha Ulaya, EN 590, kinataka setane isiyopungua 51. Cha Marekani kinaruhusu hadi 40. Kwa hiyo ukisoma ushuhuda wa Mmarekani anayesema premiamu imebadilisha gari lake, usiuchukue mzima mzima, pengine alianzia chini kuliko wewe. Setane ikipanda, injini ya baridi inatulia. Ila lita moja haiongezewi nishati kwa setane kupanda, na kompyuta ya gari haikuongezei nguvu eti kwa sababu umejaza mafuta ya bei ya juu. Mhudumu aliyekuahidi nguvu amekuahidi kisichokuwemo.

Faida kubwa ya premiamu kwa maoni yangu ni sabuni iliyomo. Tundu la nozeli ya kisasa lina upana wa milimita 0.1 na ushee. Dizeli inapita hapo kwa msukumo wa bar 1,600, kwenye baadhi ya magari unazidi 2,000, wakati tairi lako lina bar 2 na kidogo. Ukoko mwembamba ukiganda kwenye tundu hilo, mafuta hayapulizwi tena kama ukungu, yanatoka kama michirizi. Michirizi haiungui yote: moshi unakuja, ulaji unapanda. Sabuni nzuri inazuia ukoko usijengeke na huondoa sehemu ya uliopo, taratibu, kwa matangi kadhaa. Chupa nzuri ya kusafishia inafanya kazi hiyo hiyo kwa kipimo kikubwa zaidi.

Sasa angalieni mahali ambapo sabuni haifiki. Haifiki kwenye vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi wa eksozi ndani ya injini) wala njia ya kuingizia hewa, kwa sababu kwenye injini hii dizeli haipiti huko, inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Chupa inayoahidi kusafisha EGR kwa kumwagwa kwenye tangi, mimi siiamini. Nozeli iliyolika haiponi kwa dawa. Mpira wa turbo uliopasuka hauzibwi na dawa.

Mwendo_Pole, moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Ungekuwa wa bluu ningesema oili inaungua, mweupe usioisha ningeulizia nozeli inayovuja au maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Wako ni mweusi, na unatoka ukikanyaga, yaani pale turbo inapotakiwa kuleta hewa. Anzia upande wa hewa. Kagua filta ya hewa na mipira yote kati ya turbo na intakula (kipoza hewa ya turbo), hasa chini ya klempu. Kisha mwaga maji ya filta ya dizeli, na kama filta ni ya zamani ibadilishe. Baada ya hapo ndipo upime marejesho ya nozeli: unaweka vichupa vinne, injini inaunguruma, unaona ipi inarudisha mafuta mengi kuliko wenzake. Usinunue chupa yoyote kabla ya hayo.

Mwendo_Pole

Asante sana mkuu, hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Filta ya dizeli sikumbuki ilibadilishwa lini. Swali: gari lina chujio la masizi kwenye eksozi, lile la DPF. Dawa za chupa haziwezi kulidhuru?

Fundi_wa_Pampu

Inategemea kilichomo. Masizi yanaungua chujio linapojisafisha kwa joto la nyuzi 600 hivi, majivu hayaungui, yanabaki humo maisha yote. Dawa yenye madini inaacha majivu. Kuna magari yaliyoundwa yatumie dawa ya madini kwa kipimo kidogo sana kutoka kwenye tangi lake maalumu, hayo ni mengine. Wewe tafuta chupa iliyoandikwa kwamba haiachi majivu na inafaa kwa DPF, na ufuate kipimo. Wanaochanganya oili ya pikipiki kwenye dizeli, kama gari lina DPF waache.

Bi_Turbo

Naomba niongezee kuhusu maji, kwa sababu yamenigharimu. Gari langu lilikaa muda mrefu bila kutumika, tangi likiwa nusu. Nikauziwa dawa ya "kuondoa maji". Sikujua kwamba baadhi ya dawa hizi hazitoi maji, zinayachanganya na dizeli yawe matone madogo mno. Filta iliyotengenezwa kuyatenga ikashindwa kuyakamata, yakapita hadi kwenye pampu. Ilipofunguliwa ilikuwa na kutu ndani. Pampu na nozeli nne, zote nikabadilisha. Nililia, sisemi uongo. Ndugu yangu, kama kuna maji yatoe kwa kuyamwaga chini ya filta, na ikibidi tangi lishushwe lisafishwe. Soma chupa vizuri kabla ya kufungua kifuniko.

Safari_Ndefu

Pole sana dada. Hilo la maji nilikuwa silijui.
Fundi, nakubali kuhusu nguvu, sijawahi kupima, nasema ninavyohisi tu. Lakini premiamu sitaiacha. Hayo matundu ya milimita 0.1 nayalinda mapema, sisubiri yazibe.

Fundi_wa_Pampu

Na hukosei, kwa mtu anayeimudu na gari lake ni zima. Dizeli ya kawaida iliyofikia kiwango ina vilainishi vyake pia, huongezwa kwa sababu kuondoa salfa hadi chini ya 10 ppm (sehemu 10 kwa milioni) kunaondoa na ulaini wa asili. Kwa hiyo anayetumia ya kawaida kutoka kituo chenye mauzo ya kasi na tangi safi haiui injini yake. Ninachopinga ni kutibu bila kupima.

Mwendo_Pole

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki tano.

Filta ya dizeli ilitoa maji karibu nusu kikombe, nimeweka mpya. Filta ya hewa ilikuwa sawa. Mpira wa turbo kuingia intakula ulikuwa na ufa chini ya klempu kabisa, injini ikiwa imezimwa huuoni, turbo ikisukuma unafunguka. Tumebadilisha mpira. Moshi mweusi umekwisha siku hiyo hiyo, na matangi mawili ya mwisho nimepata lita 7.6 na 7.5. Marejesho ya nozeli zote nne yamelingana.

Kilichobaki ni mlio wa kugonga wa asubuhi. Umepungua lakini upo.

Fundi_wa_Pampu

Safi sana. Sasa hapo sabuni ina kazi ya kufanya. Soma kwenye kompyuta namba za masahihisho ya kila nozeli (kompyuta inaiongezea au kuipunguzia mafuta kiasi gani), ziandike. Tumia chupa isiyoacha majivu kwa matangi matatu, au premiamu, chagua moja, usichanganye ili ujue kilichokusaidia. Kisha usome tena namba zile zile.

Mwendo_Pole

Nimechagua premiamu. Namba nimeziandika kwenye daftari la gari, nozeli ya tatu ndiyo iliyo mbali na wenzake. Tangi la kwanza nimejaza leo, odomita inasoma 169,870. Nikimaliza la tatu nitaziweka hapa, za mwanzo na za mwisho.