Nimeomba kibali cha bastola, nimeulizwa mimi ni wa ng'ambo gani!

Wakuu, mniwie radhi, mikono bado inatetemeka. Nimetoka pale sasa hivi, hata bodaboda sijamlipa, yuko nje anapiga honi.

Mnamjua. Kigoma nzima inamjua, hata dagaa wa Kibirizi wakimwona wanarudi majini. Yule wa mafaili yaliyoanza kukusanya vumbi enzi za Mjerumani. Ukisikia "rudi Jumatatu", ndiye huyo. Simtaji, hana haja ya kutajwa.

Mimi nanunua dagaa mwaloni. Wenzangu wa kazi hii mnaelewa: mitumbwi inaingia alfajiri, unatakiwa uwe na pesa taslimu kiunoni kabla ya adhana, mvuvi hapokei ahadi. Mwezi wa pili walinisubiri gizani, wakabeba kila kitu, panga likapita begani, nikashonwa nyuzi kumi na moja. RB ya polisi ninayo. Nikasema basi, niombe bastola kihalali, kama raia. Barua nikaandika kwa mkono wangu, karatasi safi, mwandiko ule wa mtihani wa darasa la saba. Nikaipeleka mtaani. Kamati ya ulinzi ikakaa, ikaniita, wazee wakaniuliza maswali ya maana, nani unakaa naye, silaha utaitunza wapi, una ugomvi na nani. Wakapitisha, muhtasari ukagongwa muhuri. Wiki tatu zimepita hapo, sikulalamika hata siku moja.

Leo ndiyo nikapanda ngazi inayofuata, ofisi ya kata, kwa bwana huyo.

Benchini tangu saa mbili asubuhi. Naitwa saa sita kasoro. Anapokea barua yangu, haisomi. Anailaza mezani, halafu ANAWEKA KIKOMBE CHA CHAI JUU YAKE. Chai ya rangi, kikombe cha bati, kinachuruzika. Nimesimama naangalia duara la kahawia linavyopanuka polepole mpaka linagusa jina langu. Ndipo anakisogeza kikombe, kidogo tu, asome jina la babu. Anainua uso, anapaza sauti benchi zima lisikie:

"Haya majina haya! Wewe ni wa hapa au wa ng'ambo ya ziwa? Bastola unaitaka ukapigane kwenu?"

Watu wakacheka. Mgambo akacheka. Mama aliyeleta vitumbua, ambaye mimi ndiye mteja wake wa kila siku, akacheka mpaka akashika ukuta.

Wakuu, babu yangu kazaliwa Ujiji na kazikwa Ujiji. NIDA walinihoji mpaka kaburi la mama yake bibi, nikajibu, namba nikapewa. Kitambulisho kilikuwa pale pale mezani, hatua moja kutoka kwenye kikombe! Hakukigusa. Aligusa chai.

Tena kuna jambo linanikaba koo. Kipindi kile cha msamaha, Septemba na Oktoba 2022, serikali ilisema mwenye silaha asiyo na kibali aisalimishe, hatashitakiwa. Binamu yangu wa kijijini akapeleka gobole la marehemu baba yake. Wakampokea vizuri, wakamshukuru. Yaani mwenye gobole la kufichwa darini kashukuriwa, mimi ninayeomba mlango wa mbele, na barua, na muhuri, naitwa mtu wa ng'ambo.

Na barua ninayo hapa. Nimeianika juani, lile duara halitoki. Linapita katikati ya jina la babu yangu. Kikombe cha chai, wakuu. KIKOMBE!

Moderata msiunganishe huu uzi na ule wa NIDA, huu ni wangu.

Mtumbwi Mbovu:
Nimesoma mpaka mwisho nikitafuta sehemu uliyofanya kitu. Yaani mtu anayeogopa kikombe ndiye anataka bastola?

Binti wa Katonga:
Pole kaka yangu. Mimi niliulizwa hivyo hivyo Kasulu, tena kwa Kiha! Mtu ananihoji kwa Kiha kama mimi ni Mrundi, na Kiha chenyewe kinamshinda.

Afande Mstaafu:
Mdogo wangu, pole, ila usifikiri huyo ndiye kikwazo. Hiyo ni kata. Sheria ya silaha ya 2015, iliyofuta ile ya 1991, haichezewi. Ukimaliza kata, unakwenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Kutoka hapo kamati ya usalama ya wilaya, mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya. Halafu RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, na kamati ya mkoa, ndipo faili liende kwa msajili wa silaha. Andika barua nyingine, ile yenye chai usipeleke mbele, wataona umeomba silaha ukiwa mgahawani. Na ukifika kwa OCD usieleze habari za vitumbua. Eleza panga, onyesha RB na cheti cha hospitali.

Mtumbwi Mbovu:
Stanley alimtambua Livingstone hapo hapo Ujiji mwaka 1871, bila kitambulisho, bila muhtasari wa mtaa. Wewe una namba ya NIDA na bado hutambuliki. Shida iko kwenye sura.

Mwenye uzi:
@Afande Mstaafu ahsante mzee wangu, shikamoo. Barua nyingine nitaandika. Lakini hii ya kwanza siitupi, naitunza. Na wewe Mtumbwi Mbovu, siku ukikutana na panga saa kumi alfajiri, utanikumbuka. Kilichoniumiza siyo bastola. Angeninyima kwa sababu, ningekubali. Kasoma jina la babu, ndipo akasema lile neno.

Dagaa Mkavu:
Bastola haisaidii kitu mwaloni. Wale wanakuja sita, wewe mmoja, giza, watakunyang'anya na hiyo yenyewe. Tembeeni kwa kundi, au pesa itumwe kwa simu.

Mwenye uzi:
Mvuvi wa Kibirizi upokee kwa simu? Atoe wapi saa kumi alfajiri, wakala amelala?

Dagaa Mkavu:
Hapo kwenye mawakala umenigusa pabaya. Juzi wakala kaniambia hana salio la kutoa, na mimi namwona anahesabu noti. ANAHESABU, wakuu.

Mnyamwezi wa Isevya:
Watu wa Kigoma mnalalamika sana. Huku Tabora ofisi zetu hata chai hawana, wanaomba wewe mwombaji ukanunue. Mimi nilikwenda kuomba kibali cha kusafirisha asali, nikatoka nimenunua maandazi ya ofisi nzima, kibali sijapata mpaka leo.

Binti wa Katonga:
@Mnyamwezi wa Isevya asali ya wapi, Sikonge?

Mnyamwezi wa Isevya:
Sikonge ndiyo yenyewe, dada. Nyuki wadogo.

Baharia wa Ziwa:
Wiki tatu unalia? Liemba ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Meli nzima imekaa chini ya maji ikasubiri. Wewe na karatasi moja.

Mama Kipili:
Usitaje Liemba hapa! Ulishawahi kukaa gatini na watoto watatu na magunia ya mahindi, unaambiwa inakuja, inakuja? Ilivyosimama, sisi wa mwambao tulirudi kwenye maboti, mvua yako, jua lako, mawimbi yako. Nani alitufungulia uzi?

Baharia wa Ziwa:
Mama umesema kweli. Na ziwa lilipofungwa tusivue miezi mitatu 2024, Mei mpaka Agosti, mliona maboti yalivyokauka pale Katonga? Mbao zilifunguka kabisa, tukaanza kuziba upya kwa pamba kabla ya kurudi majini.

Dagaa Mkavu:
Kufungwa kulisaidia lakini. Samaki walirudi.

Baharia wa Ziwa:
Walirudi kwako mwenye duka. Mimi mwanangu alikaa nyumbani bila ada.

Mtumbwi Mbovu:
Anayepinga kufungwa ziwa ni wale wa nyavu za macho madogo, tunawajua.

Baharia wa Ziwa:
Sema tena, nikuletee huo wavu mlangoni.

Mwenye uzi:
Wakuu, samahani, turudi kidogo. Nimepigiwa simu na jirani aliyebaki pale benchini. Anasema baada ya mimi kutoka, yule bwana amepokea barua ya mtu mwingine. Kaisoma yote, kaikunja vizuri, kaiweka kwenye faili. Kikombe kakiweka dirishani. DIRISHANI! Kumbe dirisha lilikuwepo muda wote.

Mama Kipili:
Nyavu za macho madogo zinaingia usiku kutoka ng'ambo, msisingizie wavuvi wetu.

Binti wa Katonga:
Na nyie mnaanza habari za ng'ambo.

Mnyamwezi wa Isevya:
Anayetaka asali aje pembeni, nina madumu ya lita 20, nasafirisha kwa treni mpaka Kigoma stesheni.

Dagaa Mkavu:
Tubadilishane na mawese?

Mnyamwezi wa Isevya:
Ya Kigoma kweli, au ya kuchanganya?

Dagaa Mkavu:
Unaniuliza mimi swali hilo, mtu wa Simbo kwenye michikichi? Nakutumia picha sasa hivi.