Re: Kampuni inailipisha Medicaid (bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wenye kipato kidogo) masaa hewa

> Shikamooni wakubwa. Natunza wazee majumbani. Msimamizi anatutaka tuandike masaa manne kwenye karatasi ya zamu hata kama tumekaa moja na nusu. Nasikia ukiwashtaki unapewa asilimia. Ni kweli? Naanzia wapi?

Marahaba mdogo wangu. Ni kweli, ila ina kona nyingi.

Sheria yenyewe ni False Claims Act (sheria ya madai ya uongo kwa serikali) ya 1863, enzi za Lincoln, wenye tenda walipokuwa wakiliuzia jeshi vitu vibovu. Raia wa kawaida anashtaki kwa niaba ya serikali ya Marekani. Serikali ikiichukua kesi, fungu lako ni asilimia 15 hadi 25 ya kitakachorudishwa. Ikikuachia uendelee mwenyewe, 25 hadi 30. Watu wakishasikia hizo hesabu hawasikilizi tena yaliyobaki.

Funga mdomo kwanza. Kesi hufunguliwa kwa siri, siku 60 kwa uchache, na kampuni haiambiwi. Serikali huomba kuongezewa muda, na miaka hupita hivihivi. Halafu anayewahi ndiye mwenye kesi: ukimsimulia mwenzako wa zamu, akakutangulia mahakamani, madai yaleyale yanakufungia mlango. Na kama habari ilishatoka gazetini, itabidi uonyeshe kwamba unayo yako ya kuongeza, uliyoyajua mwenyewe.

Bila wakili hutapokelewa. Wengi hawadai hela mwanzoni, wanakata kwenye ushindi. Atakuuliza: mteja yupi, tarehe ipi, yaliandikwa masaa mangapi, bili alituma nani? “Pale wote wanaiba” haitoshi, hakimu ataitupa. Andika tarehe zako kwenye daftari nyumbani, ila mafaili ya wagonjwa usiyabebe kabla wakili hajakuelekeza.

Muda ni miaka 6 tangu udanganyifu ufanyike. Kuna hali unaongezwa, lakini haupiti 10.

Na wewe acha kusaini hayo masaa leo hii. Aliyepanga wizi anaweza kupunguziwa fungu, na akitiwa hatiani kwa wizi huo hapati kitu.

Ujue pia kwamba serikali inaweza kuja kuifuta kesi hata kama mwanzo ilikataa kujiunga nayo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo 2023. Mwaka 2024 jaji mmoja wa Florida akaenda mbali zaidi, akasema mtu binafsi kushtaki hivi ni kinyume cha katiba. Uamuzi huo umekatiwa rufaa. Muulize wakili wako umefikia wapi, hasa kama uko Florida.

>> Kaka, na bosi anayekwepa kodi?

Hiyo haimo humu, dada. Kodi ina mlango wake IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani.

>> Wakimfukuza kazi aliyeshtaki je?

Sheria inamlinda: kurudishwa kazini na mshahara uliopotea mara mbili. Hiyo nayo ina miaka 3 ya kudai. Mdogo wangu, kama makaratasi yako ya uhamiaji yana utata, mwambie wakili siku ya kwanza.