Naomba ushauri: mhusika wa kichekesho ameanza kumtesa mtoto wa marehemu dada yangu

Mwalimu wa Shangani

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Mtwara mjini, na baada ya kazi naandika maigizo mafupi. Kikundi kimoja cha sanaa cha vijana kimeniomba niwaandikie maigizo ya msimu huu wa korosho, kwa kuwa kuanzia Oktoba, malipo ya mnada yanapoanza kuwafikia wakulima, mialiko ya harusi na sherehe huongezeka kuanzia hapa hadi Tandahimba na Newala.

Kikundi hicho tayari kina mhusika mmoja anayependwa kuliko wote. Ni mwanamume anayevaa dera, anayelegeza sauti na kukata kiuno. Hana kazi, hana ndugu, wala hasemi neno lolote linalosogeza hadithi. Huingia, watu wakacheka, akafukuzwa kwa fagio, akatoka. Vipande vya video zake vinazunguka kwenye simu za mji mzima. Kiongozi wa kikundi anataka nimwongezee nafasi, na katika igizo la mwisho apigwe na kijiji kizima, kwa sababu anaamini watazamaji watalifurahia hilo.

Ninaishi na kijana wa marehemu dada yangu, ambaye msimu wa korosho hufanya kazi ya kuandika uzito wa magunia kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Tangu utotoni ana sauti nyororo na mwendo wa taratibu, na hapendi maneno makali. Wapakiaji wa ghalani wameanza kumwita kwa jina la mhusika yule, na sasa watoto wa mtaani nao wamelidaka. Zamani jioni alikuwa haachi kwenda kutazama mpira Nangwanda Sijaona, lakini siku hizi akirudi anajifungia chumbani, na wiki hii ameniambia kwamba hataki tena kwenda ghalani. Hajaniambia lolote kuhusu anampenda nani, wala mimi sijamuuliza.

Naomba mnisaidie kwa mambo matatu. Je, nimwondoe mhusika huyu, nimwandike upya, au niikatae kazi yenyewe? Je, nikimwandika kwa heshima, nitawaingiza vijana wa kikundi katika matatizo ya kisheria? Na huyu mtoto, je, nimuulize?

Nahodha wa Kilwa

Mwalimu, pole sana. Kwa maoni yangu ikatae kazi hiyo, kwa kuwa fedha ya harusi haifai kununuliwa kwa usingizi wa mtoto wa ndugu yako.

Wakili Mdogo

Mwalimu, nitajibu la sheria peke yake, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo.

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaadhibu tendo la kujamiiana kinyume cha maumbile, na adhabu yake ni kifungo cha maisha, au kwa vyovyote vile kisichopungua miaka 30. Ni adhabu nzito, na sitaki mtu yeyote aichukulie kwa wepesi. Hata hivyo kinachoadhibiwa ni tendo. Kuwa na sauti nyororo si kosa, kutembea taratibu si kosa, na hakuna kifungu kinachompa mpakiaji wa magunia mamlaka ya kumtungia mwenzake jina la kumdhalilisha kazini. Ninalisema hili kwa sababu mnamo Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo alitangaza kampeni ya kuwasaka wapenzi wa jinsia moja na akawataka wananchi wawataje, kisha siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi na si msimamo wa serikali. Tangazo la kwanza lilifika kila kijiwe, lakini taarifa ya pili haikufika mbali hivyo, na hadi leo nakutana na watu wanaoamini kwamba kumshuku jirani kwa mwendo wake ni wajibu wa kiraia.

Kuhusu igizo, kumbukeni kwamba kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inayosimamiwa na Bodi ya Filamu, na video mnazopandisha mtandaoni zinaguswa pia na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020. Hadithi ya mapenzi ya jinsia moja itawaletea matatizo, na sikushauri uiandike ukiwa na vijana wadogo nyuma yako. Hadithi ya mtu mwenye sauti nyororo anayefanya kazi yake vizuri ni jambo jingine kabisa, na sioni kifungu kinachoizuia.

Mzazi wa Masasi

Mwalimu, nakuheshimu kwa kuwa unatufundishia watoto, lakini nitasema wazi. Mnaanza kwa kumwandika mtu wa namna hiyo kwa heshima, na mwisho wake watoto wetu wataona ni jambo la kawaida. Mnamo Februari 2023 wizara ya elimu ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa hoja ya kulinda maadili, nasi wazazi wengi tulishukuru. Kama kijana ana tabia hizo, arekebishwe mapema na wanaume wa ukoo, kwa sababu kwetu mtoto wa kiume hufundwa jandoni.

Mwalimu wa Shangani

Ndugu Mzazi wa Masasi, nakushukuru kwa kuandika bila matusi. Kijana huyu alifundwa jandoni pamoja na wenzake, akarudi akiwa na adabu ambayo wajomba zake waliisifu, na sauti yake ikabaki ileile. Ningependa nikuulize jambo moja kwa nia njema. Mhusika ambaye hivi sasa anafukuzwa kwa fagio mbele ya watoto wako anawafundisha maadili gani? Wanachotoka nacho pale ni jina la kumwitia mtu njiani.

Fundi Mpingo

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nachonga, na baba yangu alichonga kabla yangu kule kwenye uwanda wa Newala, kwa hiyo nitaongea ninachokijua.

Mzazi wa Masasi ametaja jando, naye asisahau kinachochezwa jando linapomalizika. Katika midimu, ngoma yetu Wamakonde ya vinyago, yumo mchezaji anayevaa kinyago cha uso wa mwanamke, na mwilini akafunga kinyago kingine chenye matiti na tumbo la mimba lililochanjwa nembo. Anayecheza ndani yake ni mwanamume. Hujikokota kwa uzito wa mimba, hushika kiuno, na watu hutazama kwa furaha na kwa heshima, kwa kuwa wanaonyeshwa mama zao walivyowabeba. Sisemi kwamba mchezaji yule ana hali ya namna fulani katika maisha yake, maana hilo halina uhusiano wowote na ngoma. Ninachosema ni kwamba mwanamume kuigiza uke mbele ya hadhira ni jambo ambalo huku kusini tumelifanya tangu enzi za mababu, na hatukuhitaji fagio. Fagio limekuja na vichekesho vya siku hizi, ambavyo vikikosa hadithi hutafuta mtu mnyonge wa kumcheka.

Kwa hiyo, Mwalimu, usiikatae kazi. Ukiikataa ataandika mwingine, na kipigo cha kijiji kizima kitachezwa kama kilivyopangwa. Wewe ndiye uliyealikwa kushika kalamu, basi ishike.

Msafiri wa Ruvuma

Mwalimu, nimefikiri sana kabla ya kuandika, kwa kuwa mimi ni mmoja wa hao mnaowazungumza. Nimezaliwa mkoa wa Lindi, nimeshapita umri wa ujana, nafanya kazi halali, na wanaonijua kwa undani hawazidi watu wachache ambao nawaamini.

Nilipokuwa na umri wa kijana wako, mtu pekee aliyefanana na mimi niliyewahi kumwona kwenye skrini alikuwa mtu wa kuchekwa. Ukikua hivyo unajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja, kwamba watu wa namna yako wapo, na kwamba kazi yao duniani ni kufukuzwa. Ndiyo maana mnamo Januari 2014, Binyavanga Wainaina wa Kenya alipoandika hadharani kwamba yeye ni mpenzi wa jinsia moja, niliisoma habari ile mara nyingi mno. Alikuwa mwandishi aliyeheshimika kabla ya kusema hivyo, na aliendelea kuwa mwandishi hadi alipofariki mwaka 2019. Sikuwa natafuta shujaa. Nilitaka kuona kwamba mtu anaweza kuwa hivi na bado akawa na kazi, ndugu, marafiki na maoni juu ya siasa na chakula.

Kuhusu mwisho wa igizo lenu, kuna kisa kinachofanana nalo sana. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayohusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, ilichaguliwa mwaka 2018 kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kufika hapo, lakini nyumbani ilipigwa marufuku. Kwa maelezo ya mwongozaji mwenyewe, bodi ya filamu ya Kenya ilitaka abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno, naye akakataa. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Kenya iliruhusu ionyeshwe kwa watu wazima kwa siku 7, na kumbi za Nairobi zikajaa. Tazama basi uzito wa mwisho wa hadithi. Mtu kama mimi akionyeshwa anapigwa, hakuna anayeuliza kama igizo lina maadili. Akionyeshwa anaishi, maswali yanaanza.

Wala msidhani kwamba sheria peke yake ndiyo inayotupa taabu. Nina ndugu upande wa pili wa mto, Palma na Mueda. Msumbiji ilipoanza kutumia kanuni yake mpya ya adhabu mwaka 2015, iliachana na kifungu cha zamani kilichorithiwa kutoka kwa Wareno, ambacho kingeweza kutumiwa dhidi ya watu kama sisi. Ndugu zangu wa kule wananiambia kwamba hofu ya polisi ilipungua, lakini maneno ya sokoni yakabaki. Na maneno ya sokoni hutoka katika maigizo kama hayo mliyonayo.

La mwisho na la muhimu zaidi: usimuulize. Huenda yeye ni kama mimi, na huenda ana sauti nyororo tu. Ukimuuliza wakati huu, ataona kwamba hata shangazi yake amejiunga na wale wa ghalani, ila kwa upole zaidi. Mwambie kwamba unajua jina analoitwa, kwamba wanaokosea ni wao, na kwamba nyumba hii ni yake vyovyote atakavyokuwa. Akiwa na la kusema atalisema kwa wakati wake, na asipokuwa nalo, hutakuwa umepoteza kitu.

Muuguzi wa Nachingwea

Samahani, nimeona niliweke sawa jambo moja kwanza: Msafiri, kwa kuwa ni mtoto wa dada yake, Mwalimu ni mama mdogo wa kijana, na hilo linampa nafasi ya mzazi kabisa.

Sasa nije kwenye afya. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa mwaka 1990, kwa hiyo yeyote atakayekuletea dawa au maombi ya kulipia ili kijana «atibiwe» sauti au mwendo wake, mkatalie. Kinachohitaji uangalizi ni huko kujifungia. Fuatilia usingizi wake na kula kwake, na kama anaanza kugawa vitu vyake au kusema kwamba hana faida ya kuishi, usingoje kesho. Mpeleke hospitali ya mkoa, Ligula, uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, na utakapoeleza tatizo sema kwamba anadhalilishwa kazini. Hulazimiki kueleza zaidi ya hapo.

Mwalimu wa Shangani

Nawashukuru nyote, na Muuguzi ni kweli, mimi ni mama yake mdogo.

Nimeanza kuandika upya. Dera nimelivua na jina la zamani nimelifuta. Mhusika sasa ni karani wa mizani ghalani, sauti yake ni ileile, na ndiye anayegundua mfanyabiashara wa kangomba anayewapunja wakulima kwa kununua korosho zao kwa bakuli kabla ya mnada. Watazamaji watamcheka mfanyabiashara anapojaribu kuficha bakuli. Naomba maoni yenu kabla sijampelekea kiongozi wa kikundi.

Msafiri wa Ruvuma

Mama mdogo, hadithi ni nzuri, lakini mtoe ghalani. Karani mwenye sauti nyororo kwenye mizani ni kijana wako mwenyewe, na wapakiaji watamtambua kabla igizo halijafika nusu. Hata akiwa shujaa, atakuwa amewekwa jukwaani bila ridhaa yake.

Fundi Mpingo

Hapo Msafiri ameona mbali kuliko mimi. Mfanye awe mweka hazina wa kikoba cha mtaa, kile kikundi cha kuweka na kukopa, na kangomba ibaki, kwa kuwa wanachama wa kikoba watakuwa wamekopa fedha ya kikoba wakidhani watalipa kwa korosho ambazo tayari zimekwisha kuuzwa kwa bakuli. Anayejua hesabu yote ni yeye. Na anayeigiza aambiwe asizidishe. Sauti iwe sauti tu.

Mwalimu wa Shangani

Nimekubali, mweka hazina wa kikoba. Jana usiku nilizungumza na kijana kama Msafiri alivyonielekeza, bila swali lolote. Hakujibu mengi, ila aliuliza kama anaweza kuhama ghala hili kwenda la Mikindani, na leo nitaongea na katibu wa chama kule. Kiongozi wa kikundi ameukubali mwisho mpya kwa sharti kwamba uchekeshe kweli, na amekubali kuziondoa video za zamani kwenye ukurasa wao. Zilizokwisha kusambaa kwenye simu za watu hatuna namna ya kuzirudisha. Swali langu la mwisho ni kama nimwalike kijana kwenye onyesho la kwanza.

Msafiri wa Ruvuma

Mtajie siku na mahali, na mwambie kwamba mhusika wa zamani hayupo tena. Asipokuja, usimuulize sababu.