Nina siku nne na mama: Ukerewe, Rubondo au nijikaze hadi Zanzibar?

BintiWaMagu (Igoma, Mwanza)

Habari zenu wanajukwaa. Naombeni ushauri kwa mliowahi kuishi au kutembea visiwani.

Mama yangu ana miaka 67, anaishi Magu, na umri wake wote ameliona ziwa akiwa nchi kavu, yuko sokoni na ungo wake wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Mwezi wa sita alikuja kwangu nikampeleka kisiwa cha Saanane. Mnajua boti ya hifadhi kutoka Capri Point haichukui muda, lakini mama dakika zile zote alifumba macho, amenishika mkono hadi pete ikaniacha alama. Tulipofika akawa mtu mwingine. Alikaa juu ya jiwe chini ya mti akiwatazama pimbi wakiota jua, akanisimulia habari za marehemu baba ambazo sikuwahi kuzisikia. Saa kumi tukaitwa kurudi. Akaniuliza, "Ng'wanawane (mwanangu), kumbe hapa watu hawalali?"

Swali hilo halijanitoka. Nimepata likizo ya siku nne katikati ya mwezi wa nane na nina laki tisa ya watu wawili, nauli na kila kitu. Nataka alale kisiwani, kwenye hoteli ya ufukweni, chandarua safi, dirisha likifunguliwa asikie maji, na chakula aletewe mezani yeye amekaa. Amepika miaka hamsini.

Mambo mawili myajue. Goti lake la kulia linamsumbua, hawezi kutembea mwendo mrefu. Na MV Bukoba ilipozama Mei 1996 alimpoteza jirani waliyekuwa wakiuza naye bega kwa bega. Tangu siku hiyo anaogopa meli. Kati ya Ukerewe, Rubondo na Zanzibar, nimpeleke wapi?

Mzururaji_Ilemela

Dada, Zanzibar ndiyo yenye hoteli za namna unayoitaka. Ila panga vizuri, maana laki tisa kwa nauli za ndege za watu wawili itaisha kabla hamjala. Ukienda kwa basi hadi Dar halafu boti ya kwenda Unguja, siku zako mbili zinaishia njiani, na boti ile ni kama saa mbili baharini. Mwezi wa nane ni upepo wa kusi, bahari huwa inasukasuka. Kwa mama anayeogopa maji nisingethubutu.

Siku ukijaaliwa kwenda, chagua pwani kwa makini. Paje na Jambiani maji yakitoka yanakwenda mbali sana, mgeni anaamka asubuhi anakuta mchanga na akina mama wa mwani, bahari iko kule. Nungwi na Kendwa maji hayakimbii hivyo. Na Mji Mkongwe mpe siku nzima, ule ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, ingawa kwa goti lile vichochoro vitamchosha.

DerevaWaKandaYaZiwa

Mimi hupeleka wageni Rubondo, nitasema ukweli japo ni biashara yangu. Safari siku hizi imekuwa rahisi kwa sababu ya daraja la Kigongo–Busisi. Zamani tulikuwa tunakaa foleni ya kivuko, sasa unapita juu ya maji kilomita 3 na gari lako. Unapita Sengerema, Geita, kisha unashika njia ya Chato hadi Kasenda upande wa Muganza. Boti ya kutoka pale ni fupi kuliko ya Nkome.

Kisiwa chenyewe ni msitu, hifadhi ya taifa tangu 1977. Utamsikia furukombe, yule tai mla samaki, alfajiri kabla hujafungua mlango, na nzohe, swala wa majini, wanatoka kwenye matete jioni. Sokwe waliletwa miaka ya sitini kutoka mabustani ya wanyama ya Ulaya, wakazaliana, wako huru porini. Lakini kuwafuata sokwe ni kutembea msituni saa nyingi, goti la mama halitakubali. Kuoga ziwani pale usiwaze, kuna mamba na viboko. Boti hukodiwa nzima, watu wawili mnalipa kama watu kumi. Ukipata kikundi, njoo. Kwa wawili na laki tisa, hapana.

MwalimuMstaafu_Nansio

Binti yangu, nimefundisha Ukerewe miaka kumi na mmoja, sasa naishi Nyamanoro. Swali lako nimelisoma mara mbili na nimemwonyesha mke wangu.

Mpeleke Ukerewe, na usimpitishe bandarini Mwanza. Watu wote watakuambia panda meli ya Nansio, mji wa Ukerewe, saa tatu na zaidi ziwani, na kwa mtu mwingine ni safari nzuri sana. Lakini mama yako yuko Magu! Kumrudisha Mwanza ili apande meli anayoiogopa ni kumzungusha bure. Mfuate Magu, shikeni barabara ya Musoma, mpite Lamadi hadi Bunda, mkunje kushoto kuelekea Kisorya. Pale kuna kivuko cha kwenda Rugezi, upande wa Ukerewe. Ni mwendo mfupi tu, ng'ambo unaiona kwa macho muda wote. Kwa mtu mwenye hofu, kuiona ng'ambo ni jambo kubwa. Nimevuka na akina mama wengi wa aina yake, walikuwa wanaikazia macho miti ya Rugezi tu, na miti inakuja.

Vukeni asubuhi. Kwa miaka niliyokaa pale, maji ya asubuhi yametulia kuliko ya alasiri. Muombe jaketi la kujiokolea avae hata kama wengine hawavai, na mkiona kivuko kimejaa kupita kiasi, subirini kinachofuata. Hili nalisema kwa uchungu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, siku ya gulio, zaidi ya watu 220 wakafa. Wanafunzi wangu wawili walifiwa na wazazi. Wiki ile darasani sikufundisha kitu, nilikaa nao tu. Kwa hiyo hofu ya mama usiicheke wala usimwambie "hakuna kitu". Mwambie umeuliza, umekiangalia kivuko, na mtakaa pamoja.

Kuhusu malazi, usitegemee mahoteli ya Zanzibar. Nansio kuna gesti nyingi na sehemu chache zilizo ziwani kabisa. Piga simu kwanza, uliza mambo matatu: chumba kinaangalia maji? Chandarua hakina matundu? Umeme ukikatika wana jenereta? Halafu agiza sato mapema, maana wengi wanaanza kumtafuta samaki ukishakaa mezani. Mwambie mpishi amchemshe na ndimu na nyanya, ugali uwe wa muhogo. Mama wa Magu ataujua.

Siku ya pili mchukulie gari hadi Bukindo akaone jumba la watemi wa Wakerewe. Wazee wa pale wakipata mzee mwenzao wa kuongea naye, mazungumzo hayaishi. Handebezyo kuna miamba unayopanda ukaliona ziwa na visiwa vyake, lakini yeye abaki chini kivulini, wewe panda upige picha umwonyeshe.

Jambo la mwisho, kichocho. Ziwa letu lina konokono wanaokibeba, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani pembeni. Mchanga utawashawishi. Kama mtaingia maji, mkapime baada ya wiki sita hadi nane, dawa ipo na inatibu. Msisubiri dalili.

BintiWaMagu

Mwalimu shikamoo, na wabeja sana. Hilo la kupitia Bunda sikuwahi kuliwaza. Je, siku nne zote Ukerewe hatachoka?

MwalimuMstaafu_Nansio

Marahaba. Laleni usiku tatu, wala msipange kila saa. Kwa ulivyomweleza pale Saanane, alichofurahia ni kukaa. Mpe muda wa kukaa.

BintiWaMagu

Narudi kutoa mrejesho, tumerudi jana.

Kisorya tulifika saa tatu asubuhi. Mama alisimama gatini muda mrefu akikitazama kivuko, kisha akafungua fundo la kanga, akatoa hela ya nauli yake mwenyewe. Nikamwambia mama nimeshalipa. Akasema hii nalipa mimi. Nikamwachia. Alivaa jaketi juu ya kanga, akakaa katikati, akaitazama miti ya Rugezi kama Mwalimu alivyosema. Hakufumba macho.

Chumba kilikuwa cha kawaida, umeme ulikatika usiku wa kwanza, jenereta likawashwa hadi saa nne. Lakini dirisha lilikuwa linaangalia ziwa. Usiku wa pili niliamka nikakuta kitanda chake kitupu. Nikamwona nje kwenye kiti cha plastiki, amejifunika shuka, anatazama taa za wavuvi wa dagaa zilizotapakaa majini kama mji. Nikavuta kiti. Akaniambia jina la yule jirani yake wa mwaka 1996, mara ya kwanza kulitaja mbele yangu, na jinsi walivyokuwa wanagawana ungo mmoja. Tulikaa mpaka taa zikaanza kurudi ufukweni.

Bukindo tulikwenda, sato tulikula mara nne. Maji hatukuingia. Asubuhi ya kuondoka alishuka taratibu hadi kwenye mawe makavu, akaokota kokoto moja nyeupe, akaifunga kwenye fundo la kanga pale hela ilipokuwa.

Ameniuliza Ukara ni mbali kiasi gani kutoka pale. Mwalimu, nijibu nini?